Biskuti za Vipande

"Muthoki, Jumamosi mbuzi wasiende kwenu."

Muthoki aliweka mfuko mezani. Ulijaa biskuti zilizovunjika, zile ambazo kiwanda chao huwaachia wafanyakazi jioni. Mwaka mzima alimletea Mwangangi, mchumba wake, mfuko kama huo, na soda juu.

"Mbuzi wa ntheo, wa kufungia ndoa yetu, wasiende, na wazee washaambiwa? Una msichana mwingine?"

"Sina."

"Basi hunitaki."

"Sijui."

Mwangangi, mchonga vinyago wa Shauri Moyo, kweli hakujua. Siku hizi asubuhi alikuwa akicheka, saa kumi machozi yakimlenga. Usingizi ulimkimbia. Muthoki akiingia, moyo wake ulikuwa kimya tu. Je, mapenzi huisha hivyo?

"Nimekukosea nini?"

"Ningejua si ningekuambia!"

Muthoki akatoka bila kuaga. Mwangangi akaumaliza mfuko wote, kisha akajichukia.

Siku mbili Muthoki hakuja, wala biskuti hazikuja. Mwangangi akaumwa na kichwa na kugombana na kila mtu, hadi jirani yake Sista Asenath, muuguzi wa kliniki, akamsukumia sahani ya githeri, mahindi na maharagwe ya moto.

"Fundi, mara ya mwisho kula chakula ni lini?"

"Huwa nakula biskuti. Siku mbili hizi hazijaja."

"Na soda?"

"Tatu. Nne hivi."

"Kutwa nzima? Ndio maana! Sukari inakupandisha, halafu inakuangusha, na roho yako inaifuata. Sisemi ni hiyo pekee. Lakini kula kwanza, mambo ya mchumba uamue ukiwa umeshiba."

Ijumaa aliamka amelala vizuri, akiwa na hamu kubwa ya kumwona Muthoki. Akashangaa: haya ni mapenzi ama ni githeri? Akakimbilia kibanda cha simu, akapiga kiwandani. Mlinzi wa geti akamwita Muthoki.

"Mbuzi waende," Mwangangi alisema.

"Sasa umejua?"

"Si yote. Najua nimekukosa mpaka naumia. Na zile biskuti..."

Atamwambiaje kwamba zawadi yake ndiyo ilikuwa ikimvuruga?

"Biskuti zangu zimefanya nini?"

"Zimenichanganya kichwa, Muthoki. Sista anasema ni sukari. Nikadhani sikupendi."

Sauti ya Muthoki ikaja ndogo, inatetemeka.

"Hata mimi, biskuti ndizo chakula changu cha mchana. Kila saa kumi nalia kwa choo cha kiwanda. Nilidhani ni wewe."

Mwangangi akaegemea kibanda, akacheka huku machozi yakimtoka.

"Jioni njoo kwangu. Usibebe mfuko."

"Nije na nini basi?"

"Njaa."

Akarudi nyumbani kuinjika githeri ya watu wawili.