Kiti cha Filomena

"Nani mwenye gari jekundu?"

Sauti ilishuka ngazi za ukumbi wa kanisa kabla ya mwenyewe. Ikapita juu ya vichwa vya watu mia tatu waliopanga foleni ya samaki wa Ijumaa ya Kwaresima, na Marlena Hudak, aliyebakiza watu wawili tu aifikie sahani, akajua leo amekwisha.

"Nauliza tena! Gari jekundu, taa ya nyuma imefungwa kwa utepe. Nani amehamisha kiti cha mama yangu?"

Ukumbi ukanyamaza. Hata mafuta kwenye makarai yalipunguza kelele. Pittsburgh unaweza kumchukulia mtu mke, ukasamehewa mwaka wa pili. Lakini mtu akishachimba theluji mbele ya nyumba yake, akaweka kiti cha jikoni pale alipotoa gari kushikilia nafasi yake ya kuegesha, kiti kile hakiguswi. Na theluji ya mwaka ule usiombe! Ilifukia masanduku ya barua, ikafukia mbwa na kibanda chake, na mzee mmoja wa mtaa wa juu aliombolezwa wiki nzima, hadi ilipoyeyuka akatoka akiuliza kumepikwa nini.

"Ni mimi," alisema Marlena. "Niliona ni kiti tu."

"Ni kiti tu! Mama, umesikia?"

Msemaji alikuwa na koti la kazi lenye madoa ya grisi, kofia ya sufu nyeusi na ya dhahabu, masikio yamewiva kwa baridi kama nyanya.

"Wewe si wa hapa," alisema.

"Nimezaliwa ng'ambo ya mto."

"Basi huna hata kisingizio!"

"Nilikuwa na njaa, kaka."

Nyuma ya meza ya kugawia chakula, bibi mmoja mfupi mwenye unga hadi nyusini aligonga upawa. "Dominic! Mwache mtoto wa watu ale. Na wewe binti, umeolewa?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Ndivyo Marlena, mwalimu wa kemia, alivyomjua Dominic Sabatella, fundi wa lifti, na mama yake Filomena. Kufikia Pasaka, simu yake ilikuwa haipoi.

"Mwalimu, nimekwama."

"Wapi tena?"

"Ndani ya lifti, ghorofa ya kumi na tisa. Naitengeneza, lakini nikisema nimekwama utanionea huruma."

"Nina darasa, Bwana Lifti."

"Waambie hewa inaniishia. Si ndiyo kemia hiyo?"

"Nitawaambia umekufa, tuendelee na somo. Kwaheri, kipenzi."

Theluji ilipoanguka tena, Filomena alitoka na koleo mwenyewe, akachimba, akaweka kile kiti chenye mto wa kijani. Mtaa mzima, Marlena peke yake ndiye aliyeruhusiwa kukihamisha.

Mwaka uliofuata Dominic alisimamisha lifti ya mahakama kati ya ghorofa mbili, makusudi, akapiga goti kwenye zulia chakavu.

"Nataka kukuoa, mwalimu."

"Na mimi nataka kuolewa nawe." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Lakini ngoja kwanza nisamehewe."

"Umekosa nini?"

"Mkopo, Dom. Mkopo wa masomo."

Alisomea ualimu kwa mkopo wa serikali, na mkopo ule ulikuwa na mlango mmoja wa kutokea: ufundishe shule ya umma, ulipe kila mwezi kadiri ya mshahara wako, ukitimiza miaka kumi ya malipo uombe msamaha, na kilichobaki kinafutwa. Alikuwa ametimiza saba. Kila mwaka mkuu wa shule alimtilia sahihi fomu ya kuthibitisha kwamba bado yuko kazini, naye akaibusu kabla ya kuituma. Sasa siku moja, katika chumba cha walimu, Gretchen wa historia alimwambia huku akikoroga kahawa: "Ukiolewa tu, shoga, mshahara wa mume unaingia kwenye hesabu yako. Malipo yatapaa hadi ushindwe." Na katika mji ule wa vilima na maghorofa, fundi wa lifti hupata kuliko walimu wawili.

Marlena aliyewakaripia wanafunzi kila asubuhi, "Thibitisheni kwanza!", aliliamini neno lile bila kuuliza mtu mwingine.

"Basi nitaulipa mimi wote," alisema Dominic.

"Hapana. Baba yangu alizikwa akidaiwa na nusu ya mtaa. Siingii nyumbani kwa mtu na deni begani. Miaka mitatu tu, mpenzi."

Dominic alikubali. Filomena naye alisikia neno "harusi" tu, mengine yakampita. Harusi ya Pittsburgh bila meza ya biskuti, zilizookwa na akina mama wa pande zote mbili, si harusi, ni mkutano. Akaanza kuoka wiki ileile: za lozi, za tini, na zile zilizofanywa kama pichi, zenye haya mashavuni. Alijaza friza yake, akajaza ya dada yake, akahamia ya padre hata padre akakosa pa kuweka nyama.

"Mama, bado miaka mitatu!"

"Mikono yangu haijui kalenda," alijibu Filomena.

Ikapita miwili. Majira ya vuli yalipoingia, Dominic alimpigia Marlena simu, na safari hii hakutania.

"Mama moyo unamsumbua. Anataka kuiona harusi. Twende kwa padre Jumamosi hii, mimi na wewe na yeye, basi."

"Dom, imebaki miezi tisa."

"Mama hana miezi tisa."

"Daktari kasema hivyo?"

Dominic akasema polepole: "Unaona haya kuolewa na fundi. Ungesema tu."

"Nani kakwambia maneno hayo?"

"Anayependa haombi kibali cha serikali, Marlena."

Simu ikakatika. Marlena alipiga tena, na tena. Haikupokelewa.

Filomena alifariki Oktoba. Baada ya maziko watu walishuka kwenye ukumbi uleule wa samaki, na akina mama, wasijue la kufanya na friza tatu zilizojaa, walitandika meza ndefu kwa kitambaa cheupe wakazipanga zote: za lozi, za tini, za pichi. Marlena alisimama ukutani na gauni jeusi. Dominic alikuja amevaa suti aliyoinunua kwa ajili ya ndoa, ameshika kisahani.

"Kula, Marlena. Ni za harusi yako."

Alikula. Ilikuwa ya tini, bado ina baridi katikati.

Julai alitimiza miaka kumi. Alipiga simu kwenye ofisi ya mkopo kuuliza namna ya kuomba, akapokelewa na dada mwenye sauti ya uchangamfu.

"Umeolewa, mama?"

"Hapana. Niliambiwa mshahara wa mume utahesabiwa."

"Mkijaza ritani za kodi pamoja, ndiyo. Mngejaza kila mtu yake, tungehesabu wako peke yako. Wengi hufanya hivyo."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kazi hapa, na nina miaka minane. Mama? Upo?"

Msamaha ulifika wakati wa theluji. Marlena alivaa koti lake jekundu, akaendesha moja kwa moja hadi mtaa wa Dominic. Na mbele ya nyumba, mahali palipochimbwa vizuri, kiti chenye mto wa kijani kilikuwa kinangoja. Moyo ukamruka. Akashuka, akakiinua kama zamani.

Mlango ukafunguliwa.

"Nimesamehewa, Dom."

"Hongera, mwalimu. Kweli."

"Tungeoana siku ileile ya lifti. Ilikuwa kuuliza tu, nami sikuuliza. Lakini haya sikukuonea hata siku moja."

"Najua. Nilijua ulipokula ile biskuti." Alitazama kiti mikononi mwa Marlena. "Nilikuwa na hasira, nikashindwa kupokea simu. Halafu nikaona aibu kupiga. Marlena, hicho kiti... Renata anatoka zamu hospitali sasa hivi. Tumefunga ndoa Novemba."

Upepo ulipita kati yao.

"Na biskuti?"

"Za dukani."

"Mama angefufuka akuchape."

Walicheka wote wawili, kicheko kilichoharibika kabla hakijafika mwisho. Kisha Marlena akakirudisha kiti, miguu minne kwenye mashimo yake manne, akapangusa theluji iliyoangukia mto wa kijani, na akaondoka mtaani kinyumenyume, maana hapakuwa na pa kugeuzia gari.