Ndege wa Miguu Minne

Kila alasiri akirudi shuleni, Sundus alibadilisha nguo, akala mkate wa tanuri kwa mafuta ya zeituni, kisha akaketi uani kuponda vigae. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake tangu alipotimiza miaka minane. Chombo kilichopasuka motoni hakikutupwa. Kilipondwa mpaka kikawa changarawe laini, na changarawe hiyo ikakandwa pamoja na udongo mbichi ili vyombo vipya visipasuke. Bibi yake, Mabruka, alikaa kando yake juu ya ngozi ya kondoo, akifinyanga kwa mikono mitupu kama wanawake wengine wa vilima vya Sejnane, kaskazini mwa Tunisia.

Wengi wao walifinyanga vyungu na sahani. Bibi Mabruka alijulikana zaidi kwa wanyama wake: fahali, kobe, samaki, na ndege mmoja mnene mwenye miguu minne. Watu waliokuja kutoka Tunis na Bizerte walimchukua ndege huyo kwanza, halafu ndipo wakaangalia vitu vingine.

Mwezi wa pili, Mwalimu Lutfi, aliyelifundisha darasa la nane somo la Kiarabu, aliwapa wanafunzi utafiti. Kila mmoja atafute kiumbe asiyekuwepo duniani, katika hadithi au katika sanaa ya watu wa kwao, aeleze alibuniwa vipi na kwa nini. Sharti lilikuwa moja: waulize wanaojua, waandike walichoambiwa, na waweke jina la msemaji na siku aliyosema. Walipewa wiki tatu.

Kwa wiki mbili za kwanza Sundus hakuandika hata mstari. Alijiambia kwamba utafiti wake uko nyumbani, umekaa rafuni, wala hauna haraka. Ikram, rafiki yake wa nyumba ya pili, alimchagua ndege huyohuyo, kwa kuwa bibi yake, Bi Haniya, alimfinyanga pia. Ikram alimhoji bibi yake mara nne. Akachora ndege sita kutoka nyumba sita, akapima shingo zao kwa rula, akaandika wapi wanafanana na wapi wanatofautiana.

Zikiwa zimebaki siku mbili, Sundus alimwendea bibi yake na daftari.

"Bibi, kwa nini ndege wako ana miguu minne?"

Bibi Mabruka alikuwa akisugua tumbo la chungu kwa kombe la baharini, na udongo ulikuwa ukianza kukauka. Hakuinua macho. "Ndivyo tunavyomfanya. Niache nimalize hiki, mwanangu, njoo kesho asubuhi tukae."

Kesho yake asubuhi Sundus alichelewa kuamka, akakimbilia shule. Jioni bibi alikuwa ameenda kuchimba udongo kando ya mto. Sundus akakaa mezani, akaitazama karatasi nyeupe, na jibu la "ndivyo tunavyomfanya" likaonekana kwake dogo mno. Basi akabuni lake. Aliandika kwamba zamani, mwaka wa ukame, chemchemi ya kilimani ilimwomba ndege mmoja ambebee maji mgongoni mpaka kwa bibi harusi aliyekuwa mgonjwa. Miguu miwili ya ndege ilishindwa kuubeba mzigo, chemchemi ikamwongezea miwili, na tangu siku hiyo wanawake wakamfinyanga ili wasimsahau. Kalamu ilikwenda yenyewe. Mwisho, kwa kuwa sharti ni sharti, akaandika: Nilisimuliwa na bibi yangu Mabruka, siku ya Jumatano.

Wiki iliyofuata Mwalimu Lutfi alirudisha kazi. Sundus alipata kumi na nane kwa ishirini. Mwalimu aliisoma hadithi ya chemchemi mbele ya darasa, sauti yake ikatetemeka kidogo alipofika kwa bibi harusi, akasema hiyo ni hazina ambayo ingepotea kama mjukuu asingeuliza. Wavulana wa nyuma wakaanza kumwita Sundus "profesa". Naye aliona raha, hilo lazima lisemwe. Raha hiyo ilidumu mpaka alipoiona karatasi ya Ikram. Juu yake palikuwa na tisa, na chini yake maneno ya mwalimu kwa wino mwekundu: Michoro mizuri, lakini hadithi yenyewe iko wapi? Hukuuliza vya kutosha.

Kesho yake walirudi nyumbani pamoja kama kawaida. Walipoipita stesheni ya reli, ambako korongo walikuwa wakitengeneza viota vyao, Ikram alipunguza mwendo.

"Bibi yangu ameniambia hajui," akasema. "Nimemuuliza mara nne. Jana nikamgombeza, nikamwambia bibi wa Sundus anakumbuka, wewe umesahau. Sasa hali chakula sawasawa. Anasema labda kichwa chake kimeanza kwenda kama cha marehemu dada yake."

Sundus alitaka kusema jambo. Akasema tu kwamba wazee husahau. Maneno hayo yalimchoma yeye mwenyewe yalipomtoka.

Mambo hayakuishia hapo. Siku ya Alhamisi Mwalimu Lutfi alimwita ofisini akiwa na furaha. Mwanamke mmoja wa Tunis, Bi Nawal, aliyekuwa akiandika kitabu juu ya wafinyanzi wa kike, alikuwa amesikia habari za hadithi ile. Angefika Jumamosi na kinasa sauti, ili Bibi Mabruka aisimulie kwa mdomo wake.

Siku hiyo Sundus aliponda vigae bila kuona anachoponda. Alifikiri njia zote. Angeweza kusema bibi anaumwa. Angeweza kusema bibi hapendi kurekodiwa. Mwishowe akachagua njia aliyoiona nyepesi kuliko zote: bibi aifahamu hadithi kabla ya Jumamosi. Akasogea karibu, akaanza kuisimulia kama mtu anayepitisha wakati, chemchemi, ukame, bibi harusi, miguu miwili ya kuongezwa. Alipomaliza akamwomba bibi, kama hatajali, aisimulie vivyo hivyo kwa mgeni atakayekuja.

Bibi Mabruka aliuweka udongo chini, akajifuta mikono polepole kwenye nguo.

"Kumbe imetoka kwako," akasema.

Sundus akainamisha kichwa.

"Haniya alikuja hapa juzi. Akaniuliza kama mama yangu aliwahi kutusimulia habari za chemchemi na ndege. Nikamwambia sijapata kuisikia. Akaniambia, mbona mjukuu wako anasema amesimuliwa na wewe? Basi tukakaa, vikongwe wawili, kila mmoja anapekua kichwa chake. Nilijiona mimi ndiye niliyesahau. Tangu juzi najaribu kukumbuka siku ya Jumatano, nilikaa nawe wapi, nikakwambia nini."

Hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza Sundus kuliko kofi. Alilia, akaeleza yote: wiki mbili za uvivu, karatasi nyeupe, alama kumi na nane, alama tisa za Ikram. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Hadithi yako nzuri," akasema. "Ningekuwa nayo ningeisema, wala nisingeona haya. Lakini si yangu, na umeniwekea kinywani bila kuniuliza. Mimi nitaongea nawe baadaye. Kwanza nenda kwa Haniya. Mtu asikae hata saa moja zaidi akidhani amepungukiwa akili kwa sababu yako."

Nyumba ya Bi Haniya haikuwa mbali, lakini Sundus aliiona safari ndefu. Alimkuta bibi kizee ameketi mlangoni, na Ikram anapepeta ngano. Akasimama mbele yao, akasema bila kuzunguka kwamba hadithi ile aliibuni yeye, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kuisikia kabla yake.

Bi Haniya alijishika kichwa. "Kwa hiyo kichwa changu kizima?"

"Kizima, bibi. Nisamehe."

Bi Haniya akashusha pumzi, mabega yake nayo yakashuka. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu, akamwambia Ikram alete maziwa ya mgando, kwamba sasa anahisi njaa. Ikram hakucheka. Aliweka ungo chini, akamwendea bibi yake, akambusu mkono na kumwomba radhi kwa kumgombeza. Kisha akamgeukia Sundus.

"Ukiambiwa profesa ulikuwa unatabasamu," akasema. "Nilikuona."

"Ndiyo," Sundus akajibu. "Kesho nitamwambia mwalimu. Mbele ya darasa, akitaka."

"Mwambie. Halafu ndipo tutaongea."

Mwalimu Lutfi hakutaka mbele ya darasa. Alimsikiliza ofisini, mlango umefungwa, akiizungusha kalamu nyekundu mkononi. Sundus alitarajia hasira. Mwalimu aliomba aletewe karatasi ya Ikram, akaisoma upya yote, hata vipimo vya shingo. Alipomaliza alivua miwani.

"Hapa wapo wakosaji wawili," akasema. "Mwenzako aliandika 'bibi yangu hajui', ambalo ni jibu la kweli, nikamwadhibu. Wewe uliniletea nilichokuwa natamani kukisikia, nikakutunuku bila kuuliza swali hata moja. Yangu nitayarekebisha mimi. Yako utayarekebisha wewe. Alama zako ni sifuri mpaka ulete utafiti mwingine Jumatatu. Na mgeni anakuja kesho, kwa hiyo utamwambia mwenyewe."

Jioni hiyo Sundus hakushika daftari kwanza. Alikaa na bibi yake tangu alasiri mpaka jua likashuka, akamwangalia akimfinyanga ndege mmoja tangu mwanzo: tumbo, shingo, kichwa, mkia. Ilipofika zamu ya miguu, bibi alimpa udongo na kumwambia amfanye wake, mwenye miguu miwili kama ndege wa Mungu. Sundus akafanya. Alipomsimamisha, ndege alianguka kifudifudi. Akainenepesha miguu, ndege akalalia mkia. Mara ya tatu mguu mmoja ukakatika.

"Mama yangu alihangaika hivyohivyo," bibi akasema. "Walimwangukia motoni, mmoja baada ya mwingine, mpaka siku moja akakasirika, akawaongezea miguu miwili kama ya kondoo. Mimi nilikuwa mdogo. Nikamcheka, nikamwambia huyo si ndege. Akaniambia, huyu anaruka akitaka na anakimbia akitaka, wewe unaweza? Tangu hapo nikawa natoka asubuhi kuangalia kama amekimbia."

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Nilikwambia njoo kesho."

Sundus aliandika maneno hayo yote. Alipoona ametatizika mahali, aliuliza tena, na bibi akajibu tena.

Bi Nawal alifika Jumamosi asubuhi, akiwa na viatu vilivyojaa tope na kinasa sauti ndani ya kifuko cha sufu. Kabla hajakitoa, Sundus alimweleza ukweli. Bi Nawal akasema ni heri ameusikia kabla ya kitabu kuchapwa, kwa kuwa uongo ukishachapwa, wengine huunakili, na baada ya miaka hamsini hakuna awezaye kuung'oa. Halafu akakaa kwenye ngozi ya kondoo, akamrekodi Bibi Mabruka juu ya mama yake na ndege walioanguka motoni, akavuka kwa Bi Haniya pia, akatoka huko baada ya saa mbili na ndege watatu mikononi.

Mwisho wa mwezi uliofuata darasa la nane liliweka kazi zake ukumbini, na wazazi wakaja kuziona. Karatasi ya Ikram ilikuwa ya kwanza ukutani, na juu yake alama kumi na saba. Ya Sundus ilipata kumi na nne, kwa kuwa ilichelewa. Kwenye meza nyingine, chini ya dirisha, Mwalimu Lutfi alikuwa ameweka hadithi ya chemchemi. Juu yake palisomeka kwa herufi kubwa: Imebuniwa na Sundus, darasa la nane.

Sundus alishangaa kuiona. Alidhani ilikwisha kutupwa.

"Kwa nini niitupe?" mwalimu akauliza, na wanafunzi waliokuwa karibu wakasogea kusikia. "Kubuni si kosa. Mama mmoja aliyechoka na ndege wanaoanguka alibuni kiumbe ambaye hayuko duniani, na leo hii watu wanakuja kutoka mbali kumtazama. Bila watu kama yeye tusingekuwa na hadithi wala sanaa. Kosa ni kutoa kilicho kichwani mwako ukakitia kinywani mwa mwingine, kisha ukakiita utafiti. Anayebuni aseme, nimebuni. Anayetafiti aseme, nimeambiwa na fulani. Na asiyejua aseme sijui, kama alivyosema Ikram, maana hilo nalo ni jibu, tena wakati mwingine ndilo gumu kuliko yote."

Bibi Mabruka na Bi Haniya walikuwa wamesimama mbele ya meza ile. Hakuna kati yao aliyejua kusoma, wakamwomba Ikram awasomee. Ikram akamtazama Sundus, akavuta kiti, akaanza kusoma kwa sauti tangu mwaka wa ukame. Alipofika bibi harusi anapopewa maji, Bi Haniya alimgusa mwenzake kwa kiwiko.

"Huyu mjukuu wako," akasema, "akijifunza kuweka jina lake, atatuletea mengi."