Taipureta Iliyofikishwa kwa Balozi

"Nijibu, Asukile. Ni wewe uliyenishtaki kwa balozi?"

Asukile alitua ndoo ya maji. Mkono wa pili ulikuwa na machungwa mawili aliyomletea Juliana, na sasa hakujua ayaweke wapi.

"Ni mimi. Lakini nilishtaki mwezi uliopita, Juliana. Wewe nilikuwa sijakujua. Nilijua kelele tu."

Juliana alihisi macho yanamchoma. Wiki tatu hizi walikuwa wakipanga foleni pamoja bombani, na juzi tu alikuwa amemwandikia mama yake Iringa kwamba kuna kijana wa Kinyakyusa, mpole, anafanya kazi reli. Leo mama mwenye nyumba ndiye aliyemwambia mshtaki ni nani.

Nyumba yao pale Ilomba haikuwa na dari. Kuta za vyumba ziliishia chini ya mabati na juu kulikuwa wazi, hata mtu akipiga chafya chumba cha kwanza, wa chumba cha mwisho humpa pole. Mwaka ule wa 1976 Juliana alikuwa karani mpya, na mtihani wa kupiga chapa ulikuwa umebaki mwezi mmoja. Akishindwa, kazi hana. Kila alasiri alifanya mazoezi kwa taipureta kuukuu ya shangazi yake, aliyokuja nayo kutoka Iringa, na nyuma ya ukuta Asukile alikuwa akijaribu kulala baada ya zamu ya usiku.

"Nakwenda kuifuta kesi leo hii," Asukile alisema.

"Usiifute." Sauti ya Juliana ilikuwa ndogo, lakini haikutetemeka. "Ukiifuta nitakuwa nimehurumiwa tu. Nataka mashine inyamaze kweli."

Hata hivyo Asukile alikwenda. Mzee Anania, balozi wao wa nyumba kumi, alimsikiliza, akafungua daftari, akalifunga. Alimwambia kesi iliyoandikwa kwa wino haifutwi eti kwa sababu mshtaki amempenda mshtakiwa. Jumamosi saa tisa angekuja kusikiliza kwa masikio yake. Mashine ikipiga kelele, irudi Iringa.

Zilibaki siku tano.

Kwanza Juliana aliibeba taipureta akaiweka kitandani, akapiga mistari miwili. Kelele ikapungua nusu. Kumbe iliyokuwa ikipayuka zaidi ni meza. Akazikatakata ndala zake za kuogea, akaweka vipande chini ya miguu minne ya mashine. Kengele ya mwisho wa mstari akaifunga kitambaa. Ikabaki rola inayobeba karatasi. Mpira wake ulikuwa umekauka ukawa mgumu kama pembe, na kila herufi iliyougonga ililia. Akauzungushia kipande cha blanketi. Herufi zikatoka hafifu, zimepauka. Kwa karatasi kama ile angepata sifuri. Akalitoa blanketi, akalia kidogo, akanawa uso.

Alhamisi alikwenda sokoni Mbalizi, akarudi na mpira wa ndani wa baiskeli. Aliupaka sabuni, akaanza kuivisha rola kama mtu anayevaa soksi. Mpira ukagoma katikati. Alipoinua macho, Asukile alikuwa amesimama mlangoni.

"Nishike upande mmoja?"

"Shika. Ila usiongee."

Wakavuta, wakagusana vidole, mpira ukaingia. Asukile akaondoka bila neno, kama alivyoagizwa.

Jumamosi Mzee Anania aliketi kwenye kitanda cha Asukile, mama mwenye nyumba akasimama mlangoni. Ng'ambo ya ukuta, Juliana akaanza. Muda ukapita.

"Ameanza?" balozi aliuliza.

"Zamani, Mzee."

"Wewe unasikia?"

Asukile angeweza kukana. "Nasikia. Kidogo, kama kuku anadonoa mtama kwenye mkeka."

"Kwa hiyo inakukera."

"Hainikeri. Siku hizi alipokuwa akiitengeneza hapakuwa na mlio wowote, na sikulala."

Mzee Anania alikunja uso, akasema mapenzi si ushahidi. Kwani nani ajuaye kama binti anapiga au ameketi tu? Akaingia chumba cha Juliana, wengine nyuma yake, akanyoosha mkono.

"Karatasi."

"Mzee, hiyo si ya kusoma," Juliana alinong'ona.

"Ni kielelezo. Lete."

Akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya mkutanoni:

"Ndugu Asukile, bado nimekukasirikia. Nimesikia ulivyomjibu balozi. Ungeweza kudanganya ili nishinde, na hukudanganya. Mtu wa namna hiyo akija kwetu Iringa kumwona baba, sitamfukuza. Ila asije peke yake, maana hajui kuongea."

Mama mwenye nyumba alijifunika mdomo kwa khanga. Juliana alitamani sakafu ipasuke.

Balozi aliikunja karatasi ndani ya daftari, akaandika kwamba mashine inabaki. Kisha akamgeukia Asukile.

"Una mshenga?"

"Sina, Mzee."

"Sasa unaye. Tunaondoka wiki ijayo."

"Wiki ijayo hapana," Juliana alisema. Wote wakamgeukia. Uso ulikuwa unamwaka kwa haya, lakini alikuwa ameshaweka karatasi mpya kwenye rola. "Baada ya mtihani."

Na akaendelea kupiga.