Jino Juu ya Bati

Gego la Zein lilitoka kwenye tonge la wali, jua likiwa utosini, bila damu wala kilio. Mwanaesha, mamake, alilitazama kiganjani. Mtoto wa miaka mitano akianza kung'oka meno huanza na ya mbele, si gego! Hata hivyo alitoka uani akalirusha juu ya bati, kama yeye alivyorushiwa yake utotoni. Akalisikia likibingirika, tik, tik, tik, likishuka. Akangoja lianguke. Halikuanguka.

"Warusha jino adhuhuri hii?" Bi Nana, mavyaa wake, aliuliza kutoka jikoni. "Umepiga bismillahi?"

Mwanaesha akainua macho kwenye bati. Hakupiga.

Kesho yake, adhuhuri ile ile, jino likabingirika tena juu ya bati. Na kesho kutwa. Siku ya nne taya la Zein lilivimba upande wa kulia, na kinywani mwake mkatoka harufu ya ubani uliozimwa kwa maji, na nyumba ile haikuwa imefukizwa ubani tangu Idi.

Akampeleka hospitali. Muuguzi mmoja, Kache, alimpapasa mtoto taya, akayagusa magego mengine. Yote yalicheza.

"Mama Zein, hili si jino bovu. Ni uvimbe wa taya, twauona kwa watoto wa huku pwani. Unakua kila siku, si kila mwezi. Mlete kesho alazwe apigwe sindano. Ukiwahi, huyeyuka."

Kesho! Kesho ilipofika Badawi, mumewe, alikuwa ameshakaa barazani na mamake, na neno limekwisha. Fundi Gharib, mpunga majini, ataitwa kutoka Bondeni. Mtoto atawekwa ndani siku saba, chuma kisimguse.

"Na sindano?" Mwanaesha aliuliza.

"Sindano si chuma?" Bi Nana akamjibu. "Ama huko skuli mlifunzwa ni ya mti?"

Kidato cha pili chote alichosoma hakikumfaa kitu. Akimwambia Badawi, Badawi amwambia, "Zungumza na mama." Akizungumza na mama, mama amwambia, "Mumeo amekwisha sema." Na taya lakua! Siku ya tatu ya kufungiwa, jicho la kulia la Zein lilikuwa limesukumwa juu, na mate yamtiririka kwa kuwa mdomo haufungiki wala haufunguki.

Alasiri ile Fundi Gharib alimfunika mtoto shuka jeupe, akamfukiza, akainama sikioni.

"Sema jina lako. Umetoka wapi? Wataka nini?"

Zein akakoroma.

"Sema jina lako!"

Akakoroma tena. Fundi akajifuta jasho. "Huyu mkaidi. Hataki kujitaja. Tuongeze saba nyingine."

"Atajitajaje na mdomo haufunguki!" Mwanaesha alipiga ukelele hata yeye mwenyewe akashtuka. "Nyinyi hamumuoni? Hamumuoni?"

"Mwanaesha, adabu!" Badawi akanong'ona, na macho yake yako juu, kwenye bati, kwa maana yeye naye alikuwa amesikia.

Tik. Tik.

Mwanaesha hakungoja la tatu, alimpakata mtoto na shuka lake akatokea mlango wa jikoni, hana buibui, kiatu kimoja mguuni, akakata vichochoro vya Kibokoni watu wakimwita, "We Mwanaesha, una nini?", na juu ya vichwa vyao jino likibingirika, bati hadi bati, paa hadi paa, mbele yake si nyuma, kana kwamba lajua aendako, na akisimama lasimama, na akikimbia lakimbia, mpaka nyumba zikaisha na Ngome ya Yesu ikawa mbele yake na hapakuwa tena na paa la kubingirikia.

Hospitalini Kache alimpokea bila kuuliza kitu.

Sindano zikapigwa. Siku ya tano jicho lilirudi mahali pake, na baada ya wiki tatu taya lilikuwa limeyeyuka kama donge la chumvi, na Zein akarudi nyumbani akiomba mahamri. Bi Nana alimlilia kifuani. Fundi Gharib akapeleka salamu kwamba dua zake zimekubaliwa, na Mwanaesha, kwa hasira, akacheka.

Adhuhuri ya siku ya pili Zein alikuwa uani, ametulia, anatazama juu.

"Mama."

"Naam, babangu."

"Yule wa juu aniuliza jina langu."

Mwanaesha akauweka ungo chini. "Na wewe... umemwambiaje?"

"Nimemwambia Zein. Sasa naweza kusema."

Mwanaesha akapiga magoti. Akamfungua mdomo kwa kidole, upande wa kushoto, upande uliokuwa mzima, akaligusa gego la mwisho. Likacheza. Harufu ya ubani uliozimwa ikampanda puani, na juu ya bati jino likaanza kubingirika, na nyuma yake likafuata la pili.

Bi Nana alitokea mlangoni, mkono kifuani. Alimtazama mkwewe, akamtazama mjukuu. Halafu akalivua buibui lake mwenyewe, akamtupia Mwanaesha.

"Kimbia," akanong'ona. "Usimngoje Badawi."