Sindano Ambazo Nabasa Hakuchoma

Ilikuwa siku ya soko Nkwenda na zahanati imejaa hadi barazani. Nabasa, gauni lake la kijani limembana vizuri kiunoni, alikuwa amemsindikiza shangazi yake. Ndani, daktari mgeni kutoka Dodoma, koti jeupe limenyooshwa pasi, alikuwa akimpigia kelele bibi mmoja kwa Kiswahili, na bibi anamjibu kwa Kinyambo.

"Huyo si kiziwi, ni lugha tu," Nabasa alisema. "Anasema maumivu yalianzia kiunoni."

"Kaa hapohapo, mrembo. Usiniache!"

Daktari mwenyewe aliitwa Eliud. Nabasa alikaa miezi saba. Alikuwa anataka kuomba chuo cha uuguzi, na barua ya kujitolea ingemsaidia. Akapima watoto uzito, akapima joto, akafua mashuka, akatafsiri mpaka koo likakauka. Jioni, akisharudi kwao Kaisho, simu ya Eliud inaita:

"Umekula, mpenzi?"

"Matoke ya mama. Wewe chipsi tena?"

"Nifanyeje, na mpishi yuko Kaisho?"

Zilipobaki siku tatu maombi yafungwe, Eliud akamkabidhi barua, meno yote nje. Nabasa akasoma: amechoma sindano, amezalisha wanawake wawili.

"Nimemzalisha nani mimi?"

"Nimekupamba kidogo, mpenzi. Ningeandika umepima uzito?"

"Ndiyo! Si nilipima? Wakiniuliza sindano inashikwaje, nijibu nini? Na wale bibi wote, uliwatibu kwa mdomo wa nani? Miezi saba, Eliud, kumbe uliona mtu amekaa tu!"

Akaichana vipande vipande, akaondoka. Simu iliita mara tisa. Hakupokea.

Siku ya mwisho, saa sita mchana, Eliud alifika Kaisho na pikipiki, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Akampa mama shikamoo, akatoa karatasi. Uzito, joto, mashuka, vyote vimo. Halafu: bila tafsiri ya Nabasa, yeye Eliud angewapa wagonjwa wengi dawa zisizowafaa.

"Umejianika hivi? Bosi wako, mganga mfawidhi, akiisoma?"

"Ameshaisoma. Kanigombeza nusu saa, ndipo akagonga muhuri."

Nabasa akairudia taratibu, mstari kwa mstari.

"Bado nina hasira."

"Najua. Nataka kukuoa na hasira zako hizohizo."

"Utanioa nikishavaa sare yangu. Sasa washa pikipiki, tukaitume kabla hawajafunga."