Baba, Yule Si Mimi

Mtangazaji alifika kwa wazazi wake asubuhi, macho mazito. Alikuwa ameamka alfajiri kusoma taarifa ya habari redioni. Alichotaka ni chai na mahali pa kunyoosha miguu, basi.

Baba yake alikuwa kinyozi. Chumba cha kunyolea kilikuwa mbele ya nyumba. Kilikuwa na kiti kimoja, kioo kikubwa, benchi la wateja, na redio juu ya rafu. Redio hiyo haikuzimwa. Ukienda kunyolewa hapo, utasikia habari utake usitake. Watu walimwita Mzee Taarifa, naye alilipenda jina hilo kuliko lake mwenyewe.

“Hongera, mwanangu!” alisema huku mashine ikinguruma juu ya kichwa cha mteja. “Umesema ukweli. Wateja wangu wote nimewatumia ujumbe wako.”

“Ukweli gani, baba?”

“Ule wa vidonge vya presha.”

Mtangazaji alikunja uso. Baba alizima mashine, akatoa simu mfukoni, akabonyeza. Sauti ikatoka. Ilikuwa sauti ya mtangazaji mwenyewe, tamu na tulivu, vilevile anavyosoma habari.

“Mpendwa msikilizaji, vidonge vya presha vinaua figo. Acha kuvimeza leo. Tumia unga wa mizizi. Piga simu namba ifuatayo...”

Mtangazaji aliisogelea simu. Hakuwahi kutamka maneno hayo hata siku moja.

“Baba, usiniambie umeacha dawa!”

“Nimeacha. Natumia unga.”

Mama alitokea mlangoni na beseni la nguo mkononi. “Mwambie wewe,” alisema. “Mimi nimesema mpaka mate yamenikauka.”

“Baba, yule si mimi. Ni uongo. Kuna mtu ameitengeneza sauti yangu.”

“Sauti ya mwanangu nisiijue? Nimeisikia tangu hujaota meno!”

“Lakini mimi niko hapa mbele yako, nakwambia sikusema!”

Kinyozi alifikiri kidogo. “Wewe wa hapa una usingizi na njaa,” alisema. “Yule wa kwenye simu ametulia. Yule amefanya utafiti.”

Mteja kitini akaongeza, “Lisemwalo lipo, kama halipo laja.”

“Wewe nyamaza, kichwa chenyewe kimenyolewa nusu!” mtangazaji alifoka.

“Sikio halizidi kichwa,” baba alisema, akawasha mashine. Mazungumzo yakaishia hapo. Mtangazaji alikunywa chai yake bila kuisikia ladha. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na hofu.

Kesho yake alikanusha redioni. Alisema wazi kwamba ujumbe ule ni wa kughushi, na kwamba mgonjwa asiache dawa bila kumuuliza daktari. Alipotoka kazini alikwenda moja kwa moja kwa baba.

“Umenisikia?”

“Nimekusikia. Pole sana, mwanangu. Najua wamekulazimisha.”

“Nani kanilazimisha?”

“Wakubwa wa kituo. Nimeisikia sauti yako ikitetemeka.”

“Ilitetemeka kwa hasira! Hasira juu yako wewe!”

Baba alimpigapiga begani kwa huruma. Mtangazaji alishika kichwa. Heri kumpigia mbuzi gitaa, maana mbuzi hatakupa pole.

Haikuchukua muda. Siku chache baadaye kinyozi alikuwa akinyoa ndevu za mteja, chumba kikaanza kumzunguka. Mashine ilimponyoka ikaanguka sakafuni. Alishika mgongo wa kiti, naye akaanguka. Wateja wawili walimbeba hadi kliniki. Mama alitangulia mbele akiwasukuma watu njiani, na mtangazaji akawakuta huko.

Muuguzi alimpima presha. Akatazama kipimo, akapima tena.

“Mzee, iko juu sana. Una bahati uko hai. Nani amekwambia uache dawa?”

Baba alinyoosha kidole. “Huyu hapa.”

Muuguzi alimgeukia mtangazaji kwa macho makali. Mtangazaji alikaa kwenye benchi akalia.

Baba alimtazama. “Usilie,” alisema polepole. “Sikuacha kwa ujinga. Kwenye simu wamejaa waongo, najua. Wangesema wao nisingejali. Lakini wewe sijawahi kukukuta ukidanganya.”

Hapo mtangazaji alifuta machozi. Alikuwa amemwona baba yake ana kichwa kigumu, kumbe mzee alikuwa amemwamini tu. Wezi wa sauti waliijua imani hiyo, wakaitumia.

Kituoni kwao kulikuwa na mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kuhakiki habari. Wenzake walimwita Mhakiki. Mtangazaji alimweleza yote.

“Kazi yetu imebadilika, dada,” Mhakiki alisema. “Zamani tulikuwa tunatafuta habari. Siku hizi nusu ya siku tunakanusha habari ambazo hatukutangaza.”

“Baba hata nikikanusha hasikii.”

“Umemwambia ni uongo. Umemwonyesha unavyotengenezwa?”

“Hapana.”

“Basi twende.”

Walimkuta kinyozi amerudi kazini. Alikuwa akimeza vidonge kwa sababu mama alimsimamia, lakini paketi ya unga bado ilikuwa kwenye rafu, pembeni ya redio.

“Shikamoo, mzee,” Mhakiki alisalimia. “Unaniruhusu nikurekodi ukiongea?”

“Marahaba. Rekodi, mimi sina siri.”

Kinyozi aliongea. Alilalamikia barabara mbovu, umeme unaokatika, na vijana wanaotaka kunyolewa mitindo isiyoeleweka. Mhakiki alirekodi kidogo tu, kisha akawa anabonyeza simu yake kimya. Baada ya muda akaiinua juu.

“Wateja wangu wapendwa,” ilisema sauti ya kinyozi, “kuanzia leo nanyoa bure. Mwambieni kila mtu.”

Benchi zima lilishangilia. Mtu mmoja alikwisha kukimbilia kiti.

“Sijasema hayo!” kinyozi alifoka.

“Mzee, tumekusikia kwa masikio yetu!”

“Nimesimama hapa, mmeniona nikifungua mdomo?”

“Sauti yako tusiijue? Tunaisikia kila siku!”

“Ni sauti yangu, lakini si mimi!”

Kinyozi alibaki na brashi mkononi, akamgeukia binti yake. Mtangazaji alikuwa ameyasema maneno hayohayo mpaka koo likamwasha.

“Kumbe,” baba alisema, akakaa kwenye kiti cha wateja. “Kumbe inawezekana.”

“Inawezekana, mzee,” Mhakiki alisema. “Programu ya kompyuta inasikiliza sauti ya mtu, inaiga, kisha inasoma chochote utakachoandika. Mimi nimetumia maneno yako machache. Binti yako anaongea redioni kila siku. Wezi wana sauti yake tele.”

“Sasa nitaitambuaje ya uongo? Nisikilize kwa makini zaidi?”

“Sikio halitoshi tena. Zamani sauti hizo zilikwamakwama. Siku hizi zinatudanganya hata sisi.”

“Basi tumekwisha!”

“Hatujaisha. Uliza maswali. Ujumbe umetoka wapi? Aliyekutumia ameupata kwa nani? Je, ulitangazwa kweli kituoni? Piga simu kituoni uulize, au sikiliza vituo vingine vinasemaje. Na tazama kama mwisho wake kuna mtu anauza kitu.”

“Unga,” mama alisema kutoka mlangoni. Aliichukua paketi kwenye rafu, akaenda kuitupa.

“Na habari za dawa,” Mhakiki aliendelea, “muulize aliyekuandikia dawa. Hata binti yako si daktari.”

“Hizo kompyuta si mzichome tu?” aliuliza mteja mmoja.

“Zinatusaidia pia. Mahojiano marefu kompyuta inayaandika upesi. Lakini mtu lazima asome, ahakikishe, arekebishe. Ikikosea, tunawajibika sisi.”

Kinyozi hakuwa akisikiliza tena. Alikuwa akitazama simu yake, uso umemshuka.

“Nimewatumia watu wengi,” alisema. “Na fundi baiskeli ameacha dawa. Aliniambia mwenyewe.”

Alivua aproni, akawaomba radhi wateja, akafunga duka. Hakutaka kupiga simu. Alisema sauti ya simu imeshaleta balaa ya kutosha. Alikwenda nyumba kwa nyumba, na mtangazaji akamfuata. Kwenye kila mlango alisema maneno yaleyale: “Nilikutumia uongo. Nisamehe. Rudi kwa daktari wako.”

Fundi baiskeli walimkuta akibandika kiraka kwenye tairi.

“Mzee, juzi uliniambia niache,” alisema kwa kuudhika. “Leo unaniambia nirudie. Nishike lipi?”

Mtangazaji alimwona baba akitaka kubisha, kisha akajizuia.

“Una haki ya kuniuliza,” kinyozi alisema. “Usishike langu. Nawa mikono, twende kliniki tukamuulize muuguzi, mimi na wewe.”

Wakaenda. Muuguzi alimpima fundi, akampeleka kwa daktari siku hiyohiyo, naye akarudi kwenye dawa kabla hajaanguka. Presha ya kinyozi nayo ilishuka, na mashine haikumponyoka tena.

Lakini mtangazaji hakupata raha. Sasa baba alihakiki kila kitu. Alipiga simu kituoni kuuliza habari za mvua, za bei, hata za misiba ya watu asiowajua.

Siku moja simu ya mtangazaji iliita akiwa amezama kazini.

“Baba, nini tena?”

“Nimepokea sauti yako. Inasema umechoka, hutakuja kutuona Jumapili. Ni wewe?”

Mtangazaji alishusha pumzi. Ujumbe huo aliutuma mwenyewe asubuhi.

“Ni mimi, baba.”

“Siwezi kuamini sauti tu,” baba alisema. “Njoo uniambie mwenyewe.”

Jumapili akaenda.