Jina Lililorudi Kutoka Jijiga

Jumatatu asubuhi jina la Wubishet lilikuwa limerudi kwenye daftari la wafanyakazi.

Tiringo alilitazama kwenye kioo cheusi cha kompyuta. Alikuwa amelifuta mwenyewe Ijumaa, siku ya arobaini ya mumewe, kwa kuandika amri moja, na hakulia. Tangu mazishi alikuwa anakula asisikie ladha.

Hakushtuka. Idara yao ya maji ilikuwa na seva tatu, ya hapa Dire Dawa, ya Harar na ya Jijiga, kila moja na nakala yake ya daftari; kinachoandikwa kwenye moja, nyingine huiga. Ya Jijiga ilizimwa miezi tisa iliyopita. Bila shaka mtu ameiwasha, nayo imeamka na habari za zamani: Wubishet yu hai, tena ndiye fundi peke yake, mkewe hajaajiriwa bado kumsaidia.

Akalifuta tena. Saa nne likarudi, na mbele yake pameandikwa: ameingia kazini leo, meza ya pili.

Meza ya pili ilikuwa pale pale ubavuni mwake. Kiti kilikuwa kitupu, kinanuka kafuri ya maiti.

Rukia, mpika kahawa wa ofisi, mjuzi wa majini na mashetani, akasimama mlangoni na chetezo cha ubani.

"Dada Tiringo, unaisikia hiyo harufu?"

"Naisikia."

"Basi usiitikie kitu. Ukiona maiti anajibu, ujue si yeye." Akashusha sauti. "Na usimfukuze chumba kimoja kimoja, atahamia cha pili akucheke. Mfukuze kote kwa mpigo."

"Hata seva ndivyo zinavyotaka," alisema Tiringo. Alijaribu kucheka, kicheko hakikuja.

Rukia akaenda kukaanga kahawa. Tiringo akaandika amri ya kuzilazimisha seva zote tatu zifuate nakala moja. Ilibaki kutaja ipi. Akiandika Dire Dawa, Wubishet amekwisha kabisa. Hapo vibonye vya kompyuta ya meza ya pili vikaanza kugonga vyenyewe, taratibu, kwa mwendo wa vidole viwili kama alivyozoea marehemu, na kafuri ikamjaa puani hadi kooni, na kwenye kioo chake, chini ya amri ambayo hakuwa ameimaliza, herufi zikajipanga moja moja: Tiringo, umekula?

Kila siku mchana alikuwa akimuuliza hivyo. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi kitu kilimchoma kifuani, naye akataka kiendelee kumchoma. Akaandika Jijiga.

Kafuri ikatoweka. Akashusha macho kwenye daftari. Fundi alikuwa mmoja tu, Wubishet; jina la Tiringo halikuwamo.

Rukia akaingia na kikombe kimoja, akampita Tiringo bila kumtazama, akakiweka meza ya pili.

"Pole, Bwana Wubishet. Arobaini ya mkeo nayo imefika upesi hivi! Haya, kunywa ingali moto."

"Asante," kiti kikajibu, kwa sauti ambayo Tiringo hakuwahi kuisikia maishani mwake.